Kiti cha Aliye Hai

Kwaya yetu ina viti vya plastiki vya buluu, na kimoja kati ya hivyo hakikukaliwa na mtu kwa miaka miwili. Kilikuwa kiti cha Xavier, mume wangu, aliyekuwa akiimba sauti ya chini kabisa, ile inayosikika tumboni kabla ya masikioni. Walikifunga kitambaa cheupe mgongoni, na kila Jumapili kabla ya ibada nilitakiwa mimi, mke wake, nikifute vumbi mbele ya watu wote huku nikitabasamu. Kutabasamu kulikuwa sehemu ya kazi. Ukikifuta na uso wa huzuni, wamama wa maombi wanakuita pembeni wakuulize ni nani unayemhuzunikia, kwani kuna mtu amekufa?

Mtu alikuwa amekufa. Nilijua hivyo tangu juma la kwanza, na sikuonyeshwa na malaika. Nilijua kwa sababu Xavier hakuwahi kupitisha siku mbili bila kunipigia simu, hata kama ni kunisumbua tu.

Alikuwa amekwenda Bambu kuchimba dhahabu, kwa kuwa samaki wakavu ninaowatoa Tchomia, ziwani, na kuwauza sokoni hapa Bunia hawakutosha kututunza sisi wawili na mama yake. Asubuhi moja watu wenye bunduki wakaingia machimboni. Waliopona walitawanyika porini, kila mmoja na njia yake, na baada ya siku chache wakaanza kufika mjini na miguu iliyovimba. Xavier hakufika. Barabara ikafungwa. Majirani wakafanya kile kinachofanywa kwetu: wakaleta mikeka, makaa na turubai la kufunga uani, ili tukae matanga.

Turubai halikufungwa. Mama Rébecca, kiongozi wa kundi la maombi la kanisa letu, alifika akiwa ametoka kufunga, midomo imemkauka, akasimama mlangoni na kusema Mungu amemwonyesha Xavier akitembea njiani, mzima, amevaa sweta lake la kijani, anarudi nyumbani. Sweta hilo lilifumwa na mama mkwe wangu, mama Dorothée. Aliposikia rangi yake alipiga magoti palepale penye vumbi akashukuru kwa sauti. Mtaa mzima ulikuwa umemwona Xavier akiondoka na sweta hilo, Rébecca pia, lakini siku hiyo hakuna aliyetaka kukumbuka jambo dogo kama hilo. Majirani walikunja turubai lao wakarudi nalo.

Jumapili iliyofuata mchungaji Osée alitangaza habari hiyo kanisani, na kuanzia hapo kumlilia Xavier kukawa ni kumuua kwa mdomo. Mama Dorothée alifua mashati yake kila Jumamosi na kuyapiga pasi. Mimi nililia mara moja tu, chooni, khanga nimejaza mdomoni. Mama akagonga mlango wa bati na kuniuliza kama nimechoka na mtoto wake. Sikulia tena. Machozi ni kitu kinachofundishika. Ukiyakataza vya kutosha yanakutii.

Basi nikafuta kiti. Nikatabasamu. Kama kuna taji mbinguni la wanaotabasamu kwa kulazimishwa, langu liko tayari, na litanibana.

Mwaka wa pili ukielekea kwisha, Rachidi alinikuta sokoni. Alikuwa mchimbaji, Mwislamu, mtu mwembamba mwenye kofia ya darizi, na alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu bila kuuliza bei. Kisha akatoa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu na kuuweka juu ya samaki. Niliujua kabla sijaushika. Kufuli la nyumba yetu lina funguo mbili; mmoja ninao mimi, na mwingine Xavier aliondoka nao, uzi mwekundu nilimfungia mwenyewe.

Alinieleza kila kitu akiwa ameinamisha macho. Xavier alipigwa risasi asubuhi ileile ya kwanza. Rachidi alimburuta hadi nyuma ya mikaratusi, na huko akafa kabla ya jua kuwa kali. Akamzika kwa sepetu ya machimbo, kisha akakimbia, akatembea mpaka Mambasa, akafanya kazi ya kupasua mbao huko mpaka njia ilipotulia. Kilichokuwa kikimsumbua muda wote ni dua.

"Shemeki, maombi yenu mi sikujua," akasema. "Nilimuombea ile yetu. Kama nilikosea, munisamehe."

Kati ya watu wote katika habari hii, yeye ndiye wa kwanza kusema huenda amekosea, na ndiye pekee ambaye hakukosea kitu.

Nikaenda nyumbani, nikaweka ufunguo kwenye kufuli, likafunguka. Mama Dorothée alitazama kufuli, akatazama uzi, akaingia jikoni kuwasha moto ambao tayari ulikuwa unawaka. Nikampeleka Rachidi kanisani. Baraza lilimsikiliza na mikono imekunjwa kifuani. Mmoja alisema ufunguo unaweza kuibwa. Mwingine aliuliza huyu mgeni ananitaka nini, mke wa mtu. Mama Rébecca alisema Shetani naye ana wajumbe, na hutuma wale wenye sura ya huruma. Rachidi aliinuka, akawaaga kwa adabu kila mmoja, akatoka kwenda kunisubiri nje. Niliona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Mama Ketsia," mchungaji akaniambia kwa upole, "Mungu anaweza kusema bongo, atudanganye?"

"Mungu hapana, Pasta. Lakini siye wenye kusikia, hatuwezi kusikia mubaya? Hata mara moja?"

Sitaki kumchafua mchungaji Osée kuliko anavyostahili. Ndiye aliyemzika baba yangu, alitembea na sisi kwenye matope mpaka makaburini akiwa na homa. Alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, na kwa kitambo kidogo nilimwona ni mtu mzima aliyechoka.

"Kama tulisikia mubaya ile siku," akasema polepole, "nani atatuambia kama tulisikia muzuri siku zingine?"

Nilidhani anauliza kweli. Nilikuwa tayari kukaa naye hapo tutafute jibu pamoja, hata tusilipate. Lakini alivaa miwani yake, na baraza likanizuia kushiriki Meza ya Bwana kwa kosa la kutoamini.

Njia ilipofunguka vizuri nilikwenda Bambu na Rachidi, pamoja na Adolphe, mdogo wake Xavier. Mama alikataa kuja. Nyuma ya mikaratusi tulikuta mawe matatu upande wa kichwa, kama Rachidi alivyosema. Walipochimba walikuta mifupa, mkanda, na sweta. Rangi ya kijani ilikuwa karibu kwisha, lakini kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na kiraka cha sufu ya manjano. Mama alikitia hapo mwaka alipokosa sufu ya kijani sokoni, na Xavier alimtania kwamba amemshonea kiwiko cha mtu mwingine.

Tulimrudisha Bunia katika sanduku dogo. Adolphe alilifungua uani. Mama Dorothée aligusa ile sufu ya manjano kwa kidole kimoja, akakizungusha kidole hapohapo, akaendelea kukizungusha. Hakulia. Miaka miwili ya kukatazana ilikuwa imetushika sote wawili.

Kanisa likaja. Safari hii turubai lilifungwa. Nilimngojea mama Rébecca nikiwa nimejiandaa kumsamehe, kusema kweli. Nilihitaji neno moja tu kutoka kwake, tena dogo. Alichungulia ndani ya sanduku, akawageukia wamama wenzake.

"Kijani," akasema. "Si nilisema kijani?"

Kisha akaeleza. Xavier alikuwa hai siku ile alipoonyeshwa, na alikuwa njiani anakuja. Bali ndani ya nyumba hii shaka iliingia, na mwenye kuja akarudishwa nyuma. Hakunitaja jina. Watu walinitazama wenyewe, hawakuhitaji kusaidiwa. Mchungaji Osée akaona hapo pana mlango wa kutokea, akapita. Akamwelekeza Adolphe aandike kwenye msalaba tarehe ya kifo ya mwezi uleule, mwezi ambao Rachidi aliweka ufunguo juu ya samaki wangu, yaani mwezi wa shaka yangu.

"Pasta," nikamwambia, "nyama ya mutu haiishake ku mifupa mu mwezi moja."

Alinijibu kwamba msibani si mahali pa mabishano. Nikamnyang'anya Adolphe brashi ya rangi. Nilikuwa nimekubali mengi, lakini mume wangu alikufa siku yake, na siku hiyo ilikuwa yake kama jina lake lilivyokuwa lake. Mkono ulionishika haukuwa wa mchungaji. Ulikuwa wa mama Dorothée, na alinivuta mpaka nyuma ya jiko, akasimama karibu yangu sana.

"Kama alikufa ile siku ya kwanza," akasema, "basi miaka mbili nilikuwa napigia mutu wa udongo mashati pasi. Na weye nilikukataza kulia bwana yako. Mutoto yangu, uniachie ile date. Ingine siwezi kuibeba."

Nilimchukia kidogo hapo, nasema bila kuficha. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki ya kuniomba. Nikarudisha brashi. Adolphe akaandika uongo kwa rangi nyeusi, mwandiko wake mzuri wa shule, na tukamzika Xavier chini yake. Kaburini watu walilia sana. Mimi hasira ilikuwa imeziba kila mahali.

Majuma matatu baadaye nilikwenda ibadani na mama kwa sababu alinisihi, nikakikuta kile kiti kimefungwa kitambaa kipya. Nilifikiri wamekosea, kwamba mwanakwaya fulani amesahau kukitoa. Mchungaji akamwita mbele mama Vahwere, mjane anayeuza unga karibu na meza yangu. Mtoto wake, Plamedi, mpiga ngoma wa kwaya, alikuwa ameondoka na lori la mbao kwenye njia ya Mambasa, na tangu mwezi uliopita hakuna aliyejua lori liko wapi. Mama Rébecca akapanda mimbarani. Akasema ameonyeshwa. Plamedi yu hai. Na asitokee wa kutia shaka, akasema, maana hata Xavier tulionyeshwa sawasawa, Bwana akamtunza hadi pale sisi wenyewe tuliposhindwa. Watu wakapiga makofi. Wakampa Vahwere kitambaa cha kufutia vumbi.

Akaanza kukifuta kiti, akitabasamu. Tabasamu lile ninalijua, nimelivaa hadi mashavu yakaota sugu. Nilitaka kuinuka nitukane, na maneno nilikuwa nayo tayari, mengine hayafai kanisani. Lakini mama Dorothée alikuwa ameshasimama pembeni yangu. Alikwenda mbele bila haraka, akikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto.

"Pasta, mutoto yangu alikufa ile siku ya kwanza," akasema. "Ile date ya musalaba ni bongo, na mimi njo niliitaka. Nilikosea. Na siye wote humu ndani tulikosea."

Akamgeukia Vahwere.

"Mama, mutoto yako sijui kama iko ao haiko. Hata hawa hawajue. Kilio ikikuya, ulie. Hautamuua."

Nilimtazama mchungaji Osée. Aliigusa miwani yake, na mara ya pili maishani nilimtumainia. Kisha akatoa ishara kwa vidole viwili, mpiga kinanda akafungulia sauti yote, na kwaya ikaanza wimbo wa kushukuru. Vahwere hakuinua uso. Aliendelea kufuta palepale palipokwisha kuwa safi.

Mama Dorothée akakishika kiti. Vahwere alikishikilia kwa muda, wakavutana kidogo wale wanawake wawili bila kutazamana, kisha Vahwere akaachia. Mama akafungua kitambaa kipya, akakikunja, akamwekea mkononi. Akajitwika kiti kichwani na kutoka nacho mlangoni, huku watu wakimpisha. Nikamfuata. Tulitembea mji mzima hivyo, kiti cha buluu mbele na mimi nyuma, na wenye pikipiki waliotupita walidhani tumetoka kununua.

Nyumbani alikiweka mahali ambapo turubai la kwanza lilikuwa lifungwe. Akakaa, akafungua kilemba, na akalia kwa sauti nzima, kama wanavyolia watu habari ikifika sasa hivi. Majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Nikawaambia, Xavier. Walitazamana, kwa kuwa walikuwa wamekula chakula cha mazishi yake mwezi uleule. Kisha mmoja akaenda kuleta mkeka, na wengine wakakaa.

Nilikaa chini karibu na kiti, nikajifunika khanga kichwani, nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kuliko kitu chochote. Mama aliniwekea mkono begani.

"Lia sasa, mutoto yangu," akasema. "Lia, sikukataze tena."

Nikamwambia asante, mama. Nikangoja. Wenzangu walilia mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mkeka, na mimi nilikuwa bado nangoja, mdomo wazi, macho makavu.