Asubuhi Hajulikani Humu

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni na maneno matatu yaliyovaa kanzu: Saa, Nne na Asubuhi. Wakanieleza kwamba wamechoka kuwa maneno tu, wanataka kuwa wakati.

Niliwafahamu. Mimi ndiye niliyewaandika kwenye programu ya kuwatumia wageni ujumbe wa harusi ya dada yangu Mwanakombo. Wakwe zake wameshasema hawamsubiri mtu, kwa hiyo dada alinipa kazi moja tu, watu wajue saa. Nyingine hakuniamini nazo.

Kwenye mlango wa mashine wanalinda wale nukta wawili wakaao kati ya saa na dakika, mmoja kampanda mwenzake kichwani. Saa anaambiwa asubiri kwenye benchi. Nne anaambiwa haingii bila sifuri wa kumtangulia. Namhurumia, nachomoa sifuri kwenye saa ya simu yangu, namwazima. Anashukuru kwa adabu.

"Na wewe?" wanauliza nukta.

"Asubuhi."

"Humu hatumjui mtu wa jina hilo," wanasema, wanamtia kwenye ndoo ya taka.

"Bila huyo hakuna harusi," nawaambia.

Wananijibu kwa upole kwamba malalamiko hupokelewa asubuhi.

Nne na sifuri wake wanabandikwa ukutani: 04:00, yaani saa kumi alfajiri. Nashika ukuta niwabandue, kumbe ni ukuta wa uani kwetu. Giza tupu. Dada amekaa jukwaani, hina haijakauka. Wakwe wamekuja na nguo za kulalia, wamenuna. Shekhe amefika, anauliza bibi harusi ndiye yupi. Mbuzi wa pilau bado yu hai, kashika simu, anausoma ujumbe wangu.

"Mimi nimewahi," anasema mbuzi. "Wapishi ndio sijawaona."

Dada ananitazama, machozi yanamlengalenga. "Kazi moja, Shekuwe."

Natamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi inasema nayo ilialikwa saa kumi, imechoka.

Nikaamka nimelowa jasho. Nikajipa moyo kwamba ndoto ni ndoto tu, na programu niliijaribu kwa mikono yangu. Nikachukua simu nitazame saa. Siku zote huandika tarakimu nne. Sasa iliandika 4:00, mbele pakavu, sifuri hayupo.

Getini mtu akapiga hodi, akakohoa kishekheshekhe. Chumba cha pili dada akauliza ni nani huyo anayekuja saa hizi, siku ya harusi yake.