Hakuna Kula cha Kwenu

"Toa hicho kifurushi."

"Sitoi."

"Derick, toa. Usituletee uhuni juu ya jiwe."

"Maziwa si nimetoa? Kibuyu kizima hicho hapo. Au mnataka na damu?"

"Na hicho ulichokalia ni nini, yai?"

Amri alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Mimi sikucheka. Kweli nilikuwa nimelikalia begi langu, na Flora amenisimamia kichwani, mikono kiunoni, vilevile alivyokuwa anasimama tukiwa watoto. Kwao hakukuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo alichunga ng'ombe kama sisi, na alipiga watu kuliko sisi.

Tulikuwa wanne tu, juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya kijiji chetu cha Unyambwa, tulikokuwa tunachunga. Wazo lilikuwa la Hosea. Siku hizi anafanya kazi Dodoma, na huko wenzake wanapanda vilima wanalala kwenye mahema, wanaita utalii. Akanipigia simu: "Oya, twende tukalale kwenye jiwe letu." Nikamwambia huo utalii sisi tulishaufanya miaka yote, tena pekupeku, na tukirudi jioni tunachapwa. Lakini nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Ilikuwa mwezi wa saba, watu wameshavuna, upepo unapasua midomo. Nilikumbuka lile jiwe lilivyokuwa na joto chini ya tumbo, nimelala kifudifudi nasubiri saa ya kula.

Saa ya kula ndiyo ilikuwa shule yangu. Ile nyingine niliiacha darasa la sita, wala hainiumi. Kwenye jiwe sheria ilikuwa moja: kila mtu anamwaga alichofungiwa nyumbani kwenye shuka moja, na hakuna kula cha kwenu. Unakula cha mwenzako. Baba yake Amri alikuwa na duka mjini, na ng'ombe wake alikuwa amewaweka kwenye zizi la babu yangu, kwa hiyo Jumamosi Amri alikuja kuchunga na sambusa za nyama. Sisi tunakuja na ugali uliolala na mlenda. Basi mimi nakula sambusa, Amri anakula mlenda unamvutika mpaka kidevuni, na alikuwa anaupenda, mjinga yule. Ukikamatwa unakula cha kwenu, unaamka hapo hapo unakwenda kugeuza ng'ombe peke yako, juani. Ukirudi unakuta mifupa.

Na siku ile aliyeanza kelele za sheria ni mimi mwenyewe. Tukiwa bado tunapanda, nilimkuta Hosea nyuma ya kichaka anajichana na biskuti za chokoleti. Nilimsema mpaka nikamuonea huruma. "Dodoma imekuharibu! Umekuwa mtu wa kula umejificha kama panya!" Tulipofika juu akamwaga kila kitu: biskuti, soseji, juisi za boksi, na zile tambi za kuweka maji ya moto tu. Amri akaweka sambusa, mama yake bado anazikunja vilevile. Flora alileta kuku wa kienyeji. Alikuwa amempelekea Amri mjini amchinje, kama zamani, ili wote tule.

"Sasa mwenye sheria kakalia begi," Hosea akasema. "Panya ni nani hapa?"

"Wewe nyamaza, kula tambi zako."

"Siwezi, ni cha kwetu."

Flora hakungoja. Alilivuta begi kwa nguvu, mimi nikabaki nimekaa chini kama mwehu. Akatoa kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Akafungua fundo, akanusa.

"Michembe," akasema.

"Rudisha, Flora."

"Ya bibi?"

Bibi yangu alifariki mwaka huu wakati wa mvua. Wote walikuja kuzika, Hosea akachimba kaburi akiwa na viatu vyake vya kazini. Michembe ya bibi haikuwa kama ya watu wengine. Wengine wanakata viazi vitamu vibichi wanaanika. Yeye alichemsha kwanza, anakata vipande vinene, anaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, sisi tunafukuza kuku. Vinakauka mpaka vinagongana kama kokoto. Unaweka shavuni unangoja. Ukiwa na haraka unavunja jino. Mimi nina haraka na kila kitu duniani, ila kwa michembe ya bibi nilikuwa natulia.

"Ndiyo ya mwisho," nikasema. "Ilibaki kwenye chungu chake. Nilitaka mkishalala, nikae hapa niitafune peke yangu. Basi. Sasa chekeni."

Upepo ulikuwa unalipiga hema la Hosea, pa, pa, pa.

"Ndugu yangu," Amri akasema, "miaka yote ile, ulishawahi kuila michembe ya bibi juu ya hili jiwe?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Hapana. Tulikuwa tunaila sisi. Wewe unatafuna sambusa zetu huku unatutolea macho."

"Ningefanyaje? Mlikuwa mnaipigania kama mbwa."

"Bibi alikuwa anajua," Flora akasema. Sasa alikuwa amekaa, kanga iko mapajani. "Siku moja nimekupitia, nikamkuta anafunga. Nikamuuliza, bibi, mbona mingi hivyo? Akasema Derick anakula hapa nyumbani, hii nawafungia nyie."

Hilo sikuwahi kuambiwa. Nilimwangalia Flora nione kama ananidanganya ili ale. Hakuwa ananidanganya. Flora akidanganya anaangalia pembeni.

Nikaichukua kanga, nikaimwaga michembe katikati ya shuka, kati ya kuku na soseji.

"Haya, kuleni. Mbwa nyie."

Walikula. Hakuna aliyegusa biskuti. Amri alifumba macho. Hosea alikuwa anahamisha kipande shavu hili kwenda lile, kama zamani, na kila kikigonga jino nilikuwa nasikia. Kilipobaki kipande kimoja, wote wakaacha. Flora akakisukuma kwa kidole mpaka mbele yangu, kisha akaangalia upande mwingine.

Nikakiweka mdomoni. Kwanza moshi wa jiko la bibi, kisha ule utamu wake unaochelewa.

"Derick," Hosea akasema. "Umekula cha kwenu."

"Nimekula."

"Sheria unaijua."

"Naijua."

"Kageuze ng'ombe."

Ng'ombe gani? Wa babu waliuzwa zamani, wa baba yake Amri wakaishia mnadani, na kule chini walikokuwa wanakula sasa ni shamba la alizeti, yamebaki mabua. Lakini Amri alishaokota ile fimbo ya chuma ya Hosea ya kupandia mlima, ananinyooshea.

"Wahi," Flora akasema. "Wanaingia kwenye shamba la watu."

Kipande kilikuwa bado kigumu shavuni. Nikapokea fimbo, nikawapa mgongo, nikaanza kushuka huku napiga mluzi.