Sumu Ndani ya Jino

"Jino silingʼoi," alisema Daktari Furtado. "Nitaua mshipa wake, nitaziba, mrudi baada ya siku saba."

Mwanangu Mwanasiti alikuwa na miaka kumi na sita. Jino lake la mbele lilivunjika ncha alipoteleza kivukoni Pangani, tulipokwenda kumwona bibi yake, na tangu hapo alikuwa hapati usingizi kwa maumivu. Nilimpeleka kwa mganga huyu wa meno, Mgoa mwenye chumba nyuma ya soko la Tanga, kwa sababu moja tu. Msichana akiwa na pengo mbele, watu hulitazama pengo kabla hawajamtazama yeye. Nilitaka jino libaki. Nilitaka pia kujua linabakije.

"Mshipa utauua kwa kitu gani?"

"Kwa dawa."

"Dawa gani?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi anayeuliza sana. Mimi ni mwalimu. Jicho hilo nalijua, nami mwenyewe hulitumia.

"Sumu, mama. Kiasi cha kichwa cha pini. Aseniki."

Aseniki niliijua. Katika chuo cha ualimu tuliwawekea panya kwenye ghala la unga.

"Mwanangu si panya."

"Ndiyo maana natia kidogo."

Akakanyaga mashine yake kama fundi cherehani, akatoboa, akatia, akaziba kwa kitu cheupe. "Leo usiku litauma. Kesho litanyamaza. Likinyamaza msidhani limepona. Sumu ikikaa sana itakula ufizi na mfupa. Siku saba, mama."

Ikawa hivyo hivyo. Usiku liliuma, kesho yake likanyamaza. Badala ya kufurahi, nikazidi kumshuku. Mtu anayejua maumivu yataingia lini na yatatoka lini, huenda ufunguo anao yeye.

Jirani yangu Mwamvua hakuwa na shaka hata kidogo. "Shoga, na kisomo chako chote hulioni hilo? Fundi wa paa akitaka kuitwa tena huacha tundu moja. Mtoto amepona, basi! Tena hiyo siku ya saba ni Ramadhani pili. Atamjaza maji kinywani naye amefunga? Ngojeni mpaka Idi."

"Mama, kweli haliumi," Mwanasiti akadakia. "Tungoje Idi."

Nami nilianza kuelekea huko. Sipendi kuzungushwa, na nikalisema hilo.

Asubuhi ya siku ya saba nilimwita mlangoni penye mwanga. "Fungua kinywa." Ufizi juu ya lile jino ulikuwa mweupe kama nyama ya ngisi.

"Panauma?"

"Hata."

Nikabonyeza kwa ukucha. Hakutikisika. Hapo ndipo nilipoogopa. Kidonda kisichouma sikiamini.

"Vaa buibui."

"Mama, nimefunga!"

"Hayo maji hutayameza. Ukiyameza, utailipa siku yako baada ya Idi kama wanavyolipa wenzako. Twende."

Mwamvua alikuwa dirishani. "Shoga, umekubali kuzungushwa?"

"Nakwenda kumkamata," nikamjibu.

Sikumpa daktari nafasi ya kusalimu. "Ufizi umekuwa mweupe. Hukuniambia utakuwa mweupe."

Akamlaza Mwanasiti kichwa, akatazama, akapitisha chuma chake pembeni ya kizibo.

"Sumu imevuja pembeni. Kizibo changu hakikukaa sawa."

"Kosa lako?"

"Langu. Ufizi utapona, mmewahi. Mngekuja baada ya Idi, jino lingetoka lenyewe na kipande cha mfupa."

"Nani amekwambia habari za Idi?"

"Hakuna. Mwaka jana walingoja Idi watatu. Wote nimewangʼoa."

Akatoa kizibo, akaosha. Mwanasiti aliinamia bakuli, maji yakamtoka yote. Hata mate yake mwenyewe hakuyameza, mashavu yakamvimba kama samaki bunju. Kisha daktari akaingiza sindano nyembamba yenye miiba midogo, akaizungusha, akavuta. Kikatoka kiuzi cha kijivu, kifupi kuliko ukucha wangu.

"Hiki ndicho kilichokuwa kikimliza," alisema.

Nikakichukua juu ya pamba, nikaenda nacho dirishani. Kilikuwa kama uzi wa muhogo uliochemshwa. Nikamgeukia Mwanasiti.

"Umesikia kitu alipovuta?"

Akatikisa kichwa, kinywa kimejaa.

"Basi, ziba," nikamwambia daktari.

"Bado. Mzizi sasa ni mtupu. Lazima usafishwe na ukauke kabisa, la sivyo utaoza ndani kimya kimya. Leo naziba kwa muda. Mrudi Jumatano, halafu wiki ijayo."

Yale yale!

"Andika," nikasema. "Tarehe zote. Na kila utakachotia, jina lake. Na sumu ile haiingii tena."

"Haiingii tena. Kazi yake imekwisha."

"Liandike na hilo."

Akaandika. Nikasoma mara mbili, nikamrudishia aongeze saa, kisha nikaitia karatasi mkobani. Nje, Mwanasiti alitema mate mferejini mara ya tatu, akajifuta mdomo kwa ncha ya buibui.

"Mama, si ulisema mtu huyu anatuzungusha?"

"Bado nasema."

"Sasa?"

"Jumatano saa tatu tutakuwa hapa. Tembea."