Sanduku Namba Saba

Mpima miamba aliishika kalamu, akaitazama, akairudisha mezani. Ilibaki saini yake tu ili shule ya bweni ianze kujengwa bondeni, chini ya volkano iliyokizaa kisiwa kizima. Ripoti ilisema lava haijafika bondeni kwa miaka elfu tisa.

Uongo mtupu, na chanzo chake alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka sita nyuma, mjomba wake, fundi wa kuchoronga miamba, alitoboa ardhi ya bonde akatoa vipande virefu vya mwamba. Mpima miamba, ndiyo kwanza ameajiriwa, alipewa kazi ya kuvipanga sandukuni, cha juu kikianzia kushoto. Mvua ilimkimbiza, akaanzia kulia. Wakubwa wakasoma tabaka la juzijuzi kana kwamba ndilo la kale kuliko yote.

Jana alilifungua tena sanduku hilo, namba saba, akashtuka. Lava ikitiririka huunguza udongo inaoukalia ukawa mwekundu kama tofali, kwa hiyo udongo ulioungua hukaa chini ya lava. Humu ulikaa juu. Akampigia mjomba, ambaye alicheka kwanza, halafu akamwambia atafute mishale aliyoichora kwenye kila kipande kuonyesha juu ni wapi. Yote ilielekea kulia, upande uliosomwa kuwa chini. Alihesabu upya mara nne huku jasho likimtoka: mlima ulikwisha kulimwagia bonde lava mara tatu, na tangu mara ya mwisho haijapita hata miaka mia tatu.

Mkurugenzi wake alimsikiliza kwa upole, akasema mlima umelala, basi waache ulale. Tena akamkumbusha kwamba kosa ni lake, na likijulikana ataanguka peke yake. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililompandisha hasira zaidi.

Alasiri wazazi walijaa ukumbini. Mkurugenzi alipomaliza kulisifu bonde, yeye alisimama bila kuitwa, akalibwaga sanduku mezani. Aliogopa, na aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini sauti haikumsaliti.

"Sanduku hili nililipanga mimi, kinyumenyume. Kosa ni langu. Lava ilipita pale juzi tu, kwa hesabu za mlima, na inaweza kurudi. Sisaini."

Mkurugenzi akamwambia aketi. Hakuketi. Akamwambia kesho asijisumbue kuja kazini. Akajibu kwamba amesikia, na akabaki amesimama palepale.

Mama mmoja wa mstari wa nyuma akauliza kama wao wataalamu wangewapeleka watoto wao huko.

"Binti yangu alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanafunzi," alisema mpima miamba. "Nimemfuta leo asubuhi. Sasa muulizeni bosi wangu, wa kwake ni wa ngapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia mkurugenzi. Alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake.