Kiatu cha Kushoto cha Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kupiga pasi mpaka leso, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Maridadi. Tangu gari limkanyage mguu wa kushoto, kidole gumba kikapinda na unyayo ukatanuka, hakuna kiatu kilichomkubali. Akabaki na ndara. Na kwa kuwa Maridadi hatoki nje na ndara, basi hakutoka. Alishinda dirishani akiwachungulia wenzake wakicheza drafti kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara.

Iliniuma. Kazi yangu ni kuchora kalibu kwenye kompyuta, yale maumbo ya mguu yanayovalishwa ngozi kiatu kinaposhonwa. Nikaapa baba atavaa kiatu, apende asipende.

Niliuskani ule mguu nikaingiza kila kitu: kila nundu, kila kovu, kila mshipa. Kwenye skrini mistari ilisongamana kama nywele zisizochanwa, nukta juu ya nukta, nami nikajiona bingwa. Kalibu ikachongwa, kiatu kikashonwa, baba akakivaa asubuhi. Jioni alikuwa amekivua.

"Kinanibana hapa," alisema, akigusa kando ya kidole gumba. "Mguu huu ikifika mchana unavimba. Basi, mama, acha. Umeshajitahidi."

Lile "acha" lilinikera mno. Kesho yake nikafungua mchoro nipanue pale panapobana. Nilivuta nukta moja, uso wa kalibu ukakunjamana pembeni. Nikalainisha pembeni, ukabonyea kisiginoni. Nikiziba huku, kunafumuka kule.

Fundi mkuu, ambaye ndiye huchonga kalibu zangu, alipita na kikombe chake cha chai akachungulia. "Dada, hiyo ni kalibu au ramani ya milima?"

"Ni mguu wa baba yangu."

Akameza chai yake, akaenda zake.

Lakini alikuwa amesema kweli, na hilo lilinichoma zaidi. Nilikuwa nimechora makovu, mguu nikausahau. Kiatu hakina haja ya kujua kila nundu. Kinataka kujua mguu unaanzia wapi, unapinda wapi, unaishia wapi. Nikaamua kufuta vyote. Mkono ulisita, maana wakati wa kuupima ule mguu baba alikuwa amekunja uso kwa maumivu, wala hakulalamika. Nikafuta hivyo hivyo.

Nikaanza na mstari mmoja wa kuzunguka unyayo. Nikaongeza mwingine wa juu, kutoka kifundoni hadi vidoleni, na michache ya kukatiza. Nukta niliweka pale tu mstari unapogeuka kweli. Kila mkono uliponiwasha niongeze moja, nilijikanya. Kisha nikautandaza uso juu ya mistari ile, ukatulia. Nikavuta nukta ya kando ya kidole gumba, na safari hii uso wote ulisogea taratibu bila kukunjamana. Nikaacha nafasi ya uvimbe wa mchana.

Fundi mkuu alipomaliza kuchonga, alipitisha kiganja juu ya kalibu. "Na huu ni mguu wa nani?"

"Wa yule yule."

Nilimpelekea baba kiatu kikiwa kimeng'arishwa. Alikigeuza, akakiweka mezani. "Nitakijaribu," alisema, akarudi dirishani. Hata asante sikupata. Nilikwenda kulala nimenuna.

Jioni iliyofuata nilirudi kutoka kazini, nikabisha hodi, kimya. Dirishani hayupo. Nikapita chumba hadi chumba nikimwita, hofu imenishika. Chini ya kiti chake nikaona ndara, zimepangwa sawasawa.

Nikachungulia ng'ambo. Baba alikuwa kwa kinyozi, suruali imenyooka, akibishana juu ya kete na sauti yake ikivuka barabara. Mguu wa kushoto alikuwa ameupandisha juu ya wa kulia ili kila apitaye akione kile kiatu. Na saa ile ndiyo saa ambayo mguu huwa bado umevimba tangu mchana.

Sikumwita. Nilikaa kwenye kiti chake, pale pale dirishani, nikalia kwa raha zangu.