Kifuniko cha Msumeno

"Inua mkono kidogo, Kedir. Wa nyuma hawaoni."

Kedir akauinua mkono wa kulia. Ulikuwa umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Wageni kutoka Addis Ababa, wote katika fulana za njano za siku ya usalama kazini, wakanyoosha shingo. Mmoja akapiga picha.

"Waambie ilikuwaje," alisema Bwana Teshale, meneja wa kiwanda cha mbao.

"Nilikuwa na haraka," Kedir akasema, kama alivyofundishwa jana ofisini. "Sikuwa makini. Mkono ukateleza."

Mama mmoja mgeni akaelekeza kalamu kwenye msumeno wa umeme, uliofunikwa kwa bati lililopakwa rangi nyekundu. "Na siku ile kifuniko hiki kilikuwepo?"

Teshale akakohoa. Kedir akawatazama wenzake waliopangwa ukutani. Tangu apone alikuwa mfagiaji, na hapakuwa na kiwanda kingine Jimma ambacho kingemchukua mtu wa vidole viwili.

"Kilikuwepo," akasema.

Wakampigia makofi. Wakampa fulana iliyomfika magotini.

Wageni walipokwenda kunywa kahawa, Kedir alishika ufagio akafagia chini ya misumeno, akafagia mlangoni, akarudi kufagia palepale. Alitoka nje akarudi. Ile fulana aliivua, akaivaa tena, kisha akaivua na kuitundika msumarini. Siku ile kifuniko kilikuwa stoo. Teshale mwenyewe ndiye aliyeamuru kitolewe, kwa kuwa mbao nene zilikuwa zikikwama na madawati ya shule yalikuwa yakisubiriwa.

"Kaka Kedir, hapo umeshafagia," Zebiba akamwambia. Ndiye aliyerithi msumeno wake, msichana mwepesi wa mikono na wa mdomo. "Unatafuta vidole?"

Wenzake wakacheka. Kedir naye akacheka, lakini akaacha kabla yao, na Zebiba akainamisha macho.

"Nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Hujakosea, dada. Hivyo ndivyo nilivyowaambia, kwamba nilivipoteza mwenyewe."

Gari la wageni likaondoka. Misumeno ikawashwa. Haukupita muda, Mulat, fundi mitambo, akaja na spana, akamwashiria Zebiba azime.

"Sogea kidogo, dada. Nakitoa kifuniko."

"Si umekifunga asubuhi hii?"

"Nilikifunga kwa ajili ya wageni. Bosi anasema mbao zimelala tangu jana."

Zebiba akasogea. Mulat akainama. Kabla spana haijagusa nati, mkono wa vidole viwili ukatua juu ya bati.

"Kiache," Kedir akasema.

"Kedir, usiniletee matatizo. Nina watoto."

"Na huyu ana mikono."

"Asubuhi ulisema kilikuwepo. Sote tumekusikia."

"Nilisema." Kedir akaukaza mkono juu ya bati. "Niliogopa, nikasema uongo mbele yenu. Wewe unajua kilikuwa wapi, Mulat. Ni wewe uliyekipeleka stoo."

Mulat akautazama ule mkono. Yeye ndiye aliyembeba Kedir siku ile mpaka kwenye gari.

"Niliambiwa nikitoe," akasema hatimaye, taratibu.

"Na leo umeambiwa tena."

Zebiba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akajifuta vumbi la mbao usoni. "Mimi siwashi bila hicho," akasema. "Atakayetaka kuwasha, aje aweke vidole vyake."

Mtu wa msumeno wa pili alikuwa akisikiliza. Akazima wake. Wa tatu akamaliza ubao aliokuwa ameushika, naye akazima. Kiwanda kikawa kimya, watu wakaanza kusikiana wakipumua.

"Mbona kimya huko?" Teshale akaita kutoka ofisini. "Mulat?"

Spana ilikuwa bado mkononi mwa Mulat. Hakuitia mfukoni, wala hakuinama tena.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Kedir alitaka kuuondoa mkono, akahisi kabisa jinsi ulivyotaka kuondoka, lakini akauacha palepale juu ya bati. Zebiba akaketi juu ya rundo la mbao karibu naye, akaanza kuchomoa kibanzi kilichomwingia kiganjani, bila haraka, huku viatu vya meneja vikija.