Gauni la Mkunga Enyonam

Saa moja kasorobo asubuhi, gauni jeupe la mkunga Enyonam lilitoka nyumbani kwa mama yake, likafunga kifungo cha shingoni, likashika njia ya zahanati ya Dzakpo, nje kidogo ya mji wa Ho. Enyonam mwenyewe alikuwa Uingereza mwaka wa tatu, akitunza wazee. Gauni halikupenda kukaa bure. Lilisaini kitabu cha mahudhurio kwa mkono wa kushoto, kama mwenyewe, likaketi.

Nje ya lango Dzifa aliuza uji wa mahindi. Alisoma ukunga darasa moja na Enyonam, akampita kwa alama. Mwaka wa tano huu alikuwa akingoja kupangiwa kazi, na kila alipoandika barua alijibiwa kwamba Dzakpo ina mkunga.

Mama mwenye uchungu akifika, Dzifa alifunika chungu cha uji, akanawa hadi viwiko, akaingia. Mikono ya kitambaa haimdaki mtoto aliyelowa. Mtoto akishalia, gauni lilisaini daftari la uzazi, na siku ya nane, akiwa wa kike, alipewa jina la mkunga aliyeandikwa humo. Ndiyo desturi ya Dzakpo. Jioni akina mama walipoita, “Enyonam, njoo ule!” vitoto vilitoka kila ua, na Dzifa, aliyevipokea vyote, alivihesabu kimoja kimoja.

Mwezi wa sita akaja Selorm, mtafiti wa uchumi kutoka Accra. Alitaka kujua kama maendeleo ya wilaya yanadumu wataalamu wakihamia ng'ambo.

“Gauni linafika kila siku?” aliuliza.

“Hata mvua inyeshe,” alisema Mama Akpene, msimamizi. “Halijui mafua.”

“Basi pengo hakuna.”

“Lipo, kaka,” alisema Dzifa mlangoni. “Liulize limemshika mtoto gani.”

“Dada, mimi nahesabu aliyesaini.”

“Na mimi je?”

Selorm akafunua karatasi. “Wewe uko kwenye biashara ndogondogo.”

“Wivu huo, Dzifa,” alisema Mama Akpene. “Unalionea gere gauni? Si ulivae tu?”

“Nililivaa Pasaka, Mama. Lilinivua.”

Selorm aliandika hilo pembeni, akalikata.

Ripoti ilisema Dzakpo ni mfano mzuri: mtaalamu ameondoka na huduma haikupungua. Baada ya wiki chache gauni lilipandishwa cheo, likaletewa tepe mbili nyekundu za mabegani. Halikuweza kutunga uzi sindanoni. Lilitoka hadi langoni, likamwinamia Dzifa.

Dzifa alilitazama mpaka uji ukafurika motoni. Kisha akapangusa mikono, akashona bega la kulia, halafu la kushoto, kwa mishono midogo midogo ya karibu karibu, kama anavyomshona mama aliyechanika. Akakata uzi kwa meno. Gauni likajinyoosha, likarudi ndani kusaini.